Kibao cha Shaba cha Bi Sheikha

Kiponda, Mji Mkongwe,
Unguja.
Mfunguo Mosi, Disemba 2003

Kaka yangu mpenzi Thuwaini,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, na hii nyingine ni ya Idi, kwa sababu siku ile simu ilikatika kabla hujaniitikia marahaba na mpaka leo naiona inaelea hewani baina ya Unguja na Maskati. Wifi Afra hajambo? Goti lake limepoa? Ammar na Muhannad je, bado wanakicheka Kiarabu changu? Waambie shangazi yao anawapenda na anangoja siku watakayosema Kiswahili bila ya kuita nyumba "yeye". Na wewe mwenyewe, kile kichwa chako kinachokugonga kila asubuhi, bado unakisingizia jua?

Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Shemeji yako Abrahman anakusalimu sana. Ameota kitambi na anasema ni kanzu imerudi kwa kufuliwa. Halwa uliyotuletea imefika salama. Jirani yetu Bi Mwanapili ameionja akasema ni nzuri, ila ya Unguja imeizidi. Nilikubaliana naye pale pale, na nakuandikia makusudi ulijue hilo.

Unajua mimi si mtu wa barua. Lakini kwenye simu wewe ndiye msemaji, na mimi kazi yangu ni naam, naam, mpaka laini inakatika. Safari hii nina maneno ambayo nataka niyamalize. Kwa hiyo jitilie kahawa, kaa barazani kwako, na usiruke kurasa kutafuta mwisho kama ulivyokuwa ukifanya utotoni.

Nataka tuzungumze habari ya mashine. Ile mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa, ambayo hospitali moja ya watu binafsi huko kwenu inaiacha kwa kuwa imenunua mpya, na wewe na wenzako mmeiomba ije Unguja iwe sadaka jaria ya marehemu mama yetu. Najua ulivyohangaika nayo. Najua umekwisha kuzungumza na watu wa meli. Kibao cha shaba chenye jina la mama kimenifikia, kimefungwa taulo kama mtoto mchanga, na aliyekileta alinikabidhi kwa mikono miwili. Nilikifungua nikasoma Bi Sheikha, nikakifunga tena haraka nisije nikakiloweka machozi.

Sasa na mimi nikueleze kazi yangu, maana sidhani kama umepata kuielewa. Mwaka juzi nilipokwambia nimechaguliwa kwenda kusomea namna ya kutathmini teknolojia za afya, ulicheka mpaka wifi akaja mbio kuuliza kuna nini. Ulisema masomo yote duniani yamekwisha, sasa watu wanasomeshwa kuuliza maswali. Basi ndiyo, kaka, nimesomeshwa kuuliza maswali. Nchi kama yetu vifaa vingi vya hospitali hatununui, tunapewa. Kontena hufika, picha hupigwa, biriani hupikwa, wakubwa hukata utepe, na ukirudi mwaka wa pili unakikuta kifaa kimefunikwa shuka na paka amezalia chini yake. Sisi kazi yetu ni kukaa kitako kabla ya biriani na kuuliza kitu hiki kitamsaidia nani, kwa kiasi gani, nani atakitumia, nani atakitengeneza kikiharibika, na tukishakubali kukilisha, ni nani mwingine atakayelala na njaa.

Tuko wanne tu. Mkuu wetu ni Dokta Nadir, mpole mpaka ukamwonea huruma, lakini swali halimkauki mdomoni. Yuko Bi Mashavu, muuguzi wa siku nyingi, mwenye sauti ya kuamsha daku mtaa mzima. Yuko Usi, mtu wa Makunduchi, fundi wa vifaa. Wa nne ni mimi. Tuliporudi masomoni Dokta Nadir hakutupa mashine yoyote ya kuanzia. Alituambia tuitathmini feni mbovu ya ofisini, kama itengenezwe au ije mpya. Tulibishana asubuhi nzima, jasho linatutiririka, mpaka Usi akauliza kwa nini dirisha la nyuma halifunguliwi. Kumbe lilipigwa misumari zamani na mtu asiyejulikana. Tuliing'oa, na upepo wa pwani ukaingia. Feni mpaka leo iko juu ya kabati, na sisi tumejifunza kazi yetu kwa kucheka.

Baada ya hapo, mapema mwaka huu, tulikwenda vituoni kuangalia kifaa kidogo kuliko vyote, cha kupimia presha, ule mkanda unaofungwa mkononi ukajazwa upepo. Tulipita njia ya Bububu mpaka Kidichi kwenye mashamba ya viungo. Majina ya vituo siyataji, kwa sababu kosa halikuwa la kituo wala la mtu, lilikuwa la haya zetu sote. Tulikuta wanawake wanapimwa juu ya nguo. Chumba ni kimoja, wanaume wamekaa kwenye benchi wanatazama, na mlango hauna hata kitambaa. Nani atakunja mkono wa gauni mpaka begani mbele za watu? Na muuguzi naye anaona aibu kumwambia. Basi mkanda hufungwa juu ya baibui lililo juu ya gauni, na kile chombo cha kusikilizia huwekwa juu ya nguo hizo hizo. Sauti ya damu inakuja kwa mbali, na kipimo kinaandikwa pungufu. Vifaa vilikuwa vizima, dawa zilikuwepo siku ile, na wauguzi ni watu wa kupigiwa mfano.

Bi Mashavu aliinuka. Alivua khanga yake ya juu, akaitundika mlangoni kwa pini, akawaita wale wale waliokwisha kupimwa, mmoja mmoja, awapime mkono mtupu. Wengi walioambiwa wazima hawakuwa wazima. Mmoja, mama mtu mzima, alicheka akasema, "Mwanangu, mimi nshaambiwa presha yangu ya kigoli."

Mimi niliposikia neno hilo nilitoka nje nikakaa juu ya jiwe nikalia. Wenzangu walidhani ni jua. Kaka, nilikuwa nimemsikia mama. Huyakumbuki maneno hayo? Kila akitoka kupimwa alikuwa akirudi nyumbani anajigamba kwamba presha yake ya kigoli, na sisi tunamcheka tunamwambia basi tukuoze tena. Mama yetu ambaye hata sisi wanawe hatukuwahi kumwona mkono juu ya kiwiko ila akikanda unga wa maandazi. Halafu siku ile akaanguka ukumbini, na wewe ukafika tumekwisha kumzika. Ulisimama juu ya kaburi ukasema kwamba lau Unguja ingekuwa na mashine kama za Maskati, mama angekuwa hai. Umelibeba neno hilo miaka yote hii, na mimi niliamini kama ulivyoamini wewe. Siku ile juu ya jiwe ndipo nilipoona kwamba mama hakukosa mashine. Mama alikosa pazia.

Sasa nirudi kwenye mashine yako, na nataka ujue kwamba hatukuidharau. Tuliichunguza kama watu wanaochunguza posa. Tuliwaandikia walioitengeneza, wakatujibu kwa adabu kwamba vipuri vya aina ile hawatavitengeneza tena muda si mrefu. Inataka chumba cha kuta nene kinachopulizwa baridi mchana na usiku, hata ikiwa hakuna mgonjwa ndani. Inataka umeme usiotikisika, na umeme wetu unaujua, unaondoka bila ya kuaga. Hapa kisiwani hatuna bado mtu aliyesomea kuzisoma picha zake, wala wa kuifungua ikiugua. Fundi atatoka Dubai na tutamngoja kama mwezi wa Idi. Na chakula chake chote kitapakuliwa katika sufuria ile ile inayotoa vidonge vya presha, ambavyo hata sasa kuna miezi havifiki Makunduchi.

Usidhani lakini kwamba ilikuwa rahisi. Bi Mashavu aliitaka. Mtoto wa dada yake alianguka na vespa njia ya Bububu, akapelekwa Dar es Salaam na boti, na yeye ndiye aliyekishika kichwa cha yule mtoto mapajani bahari nzima, kila wimbi analiombea dua lipite taratibu. Mtoto alipona, alhamdulillah. Bi Mashavu alituambia kwamba anayetaka kusema hapana kwanza akashike kichwa cha mtu kwenye boti. Mashine ile ingewafaa watu, nao si watu wa hadithi. Tukisema hapana, watu hao tutakutana nao Darajani tukienda kununua samaki.

Tangu mwanzo Dokta Nadir aliniambia kwamba kwa vile mtoaji ni kaka yangu wa tumbo moja, nisaidie kukusanya habari, lakini siku ya kuamua nikae nje. Nilikubali upesi, tena kwa furaha. Nikikwambia kweli, nilifurahi kwa sababu nilitaka nije nikwambie kwamba mimi sikuwepo. Lolote litakaloamuliwa, Rawiya hamo.

Siku hiyo ikafika, wiki iliyopita. Wao wamo ndani, mimi niko uwani nyuma ya ofisi, chini ya lile dirisha tulilong'oa misumari kwa mikono yetu. Nilisikia kila kitu. Walikuwa wanaelekea kukubali, na si kwa ajili ya wagonjwa wala kwa ajili ya mashine. Usi aliuliza atamtazamaje Rawiya usoni. Bi Mashavu akasema hii ni sadaka ya maiti, na sadaka ya maiti hairudishwi. Dokta Nadir, mtu wa maswali, aliuliza tu kalamu iko wapi. Unajua desturi yetu ya Mfungo, jirani akikuletea sahani ya futari huitazami kama imeiva au haikuiva, unapokea kwa mikono miwili na kumwombea dua. Ndivyo walivyotaka kuipokea mashine. Mimi niliyetolewa nje nisije nikawaelemea nilikuwa nawaelemea kuliko ningekuwa nimekaa ndani.

Basi nikaingia. Na hapa, kaka, ndipo ninapokuomba uweke kikombe chini.

Mwaka jana, mwezi wa Rajabu, asubuhi moja nilikuwa namimina chai na birika likaniponyoka. Nikaona mkono wangu wa kushoto unaning'inia kama si wangu. Nikataka kumwita Abrahman, mdomo ukanikatalia. Ilipofika adhuhuri maneno yalianza kurudi, na mkono ukafuata nyuma. Walinivusha Dar es Salaam kwa boti, na huko nililazwa ndani ya mashine, kaka, mashine ndugu wa hiyo yako. Najua inavyovuma. Najua baridi ya kile chumba. Nilipokuwa ndani yake nilisoma kila sura niliyoihifadhi chuoni, nikakukumbuka wewe ulivyokuwa ukinisahihisha.

Shemeji yako alitaka kukupigia simu siku hiyo hiyo. Nilimwapisha asikwambie. Ungeacha kazi, ungekuja mbio, na ungekitukana kisiwa chetu. Na zaidi ya yote ungeniona mimi ukamwona mama. Sikuwa na nguvu za kukuliwaza wewe na kujiliwaza mwenyewe.

Picha ilimwonesha daktari kwamba hakuna damu iliyomwagika, na hilo si jambo dogo, lilimtuliza. Alinionesha doa dogo kama tone la wino. Kisha akaniambia nikunje mkono wa nguo, akanifunga mkanda, akapima mara mbili. Presha nilikuwa nayo miaka, na mimi mtu wa afya, ofisini nilikuwa nikipimwa juu ya mkono wa gauni kwa haraka na kwa haya, naambiwa mzima. Alisema yule daktari, na ni maneno yake, kwamba picha imekwisha kusema ilichokuwa nacho. Kitakachoniweka hai ni vidonge na ule mkanda, kila mwezi, mkono mtupu.

Haya ndiyo niliyokwenda kuwaambia wenzangu. Hata wao walikuwa hawayajui. Walijua nilikuwa na homa. Niliwaambia kwamba mimi ni dada wa mtoaji na ni mgonjwa wa mashine hiyo pia, na kama kuna mtu mwenye haki ya kuitamani iwe karibu na kitanda chake ni mimi. Nikasema tusiipokee. Tungoje mpaka tuwe na mtu wa kuisoma na mtu wa kuitengeneza, na vidonge viwe vinafika Makunduchi. Bi Mashavu alinitazama, akaja akanikumbatia, akasema hapana yake anaitoa kwa ajili ya mkono wangu wa kushoto. Wote wakakubaliana. Barua rasmi ya Dokta Nadir itakufikia nyuma ya hii, ina heshima zote na mihuri yote. Usimkasirikie. Nimetaka ulijue kwanza kutoka kwangu kwamba hapana hiyo imetoka kinywani mwa ndugu yako.

Sasa kasirika. Nakujua, utasusa chakula, wifi atabembeleza, utasema mtoto niliyembeba mgongoni kwenda chuoni leo amenifungia mlango wa sadaka ya mama yangu. Sema yote, una haki. Lakini usinisuse mimi, kaka. Sina mwingine. Tangu mama aondoke, wewe ndiye mtu wa mwisho duniani anayeniita Rau, na nikikukosa jina hilo litakuwa limekufa nami ningali hai.

Na sahani ya mtu hairudi tupu, hilo mama alitufunza sote wawili. Kwa hiyo nakurudishia yako na ombi ndani. Wenzako hao walio tayari kuleta mashine, waombe watusomeshee vijana wawili huko Maskati, mmoja kuzisoma picha na mmoja kuzitengeneza mashine zake. Yupo msichana mmoja, Salhiya, ambaye Usi anasema mikono yake inasikia chuma. Wakirudi, tutaitathmini mashine nyingine upya, na biriani nitaipika mimi. Na kwa sasa tuleteeni mikanda ya kupimia presha, mipana ya mikono minene na myembamba ya mikono iliyokonda, maana tuliyonayo ni saizi moja kama ndala za msikitini. Mapazia msilete. Tutashona wenyewe, nakujua wewe, utatuletea ya Dubai yenye maua ya dhahabu na wagonjwa watadhani wameingia kwenye harusi.

Kibao cha mama nimekitoa ndani ya taulo. Nimekisugua kwa ndimu na majivu, kinang'ara. Katika kituo kimoja cha upande wa Bububu wametuachia chumba kidogo kilichokuwa stoo. Kimepakwa chokaa, kina kiti, kina meza, na pazia la kijani nililoshona mwenyewe kwa mkono huu wa kushoto, mishono imekwenda upande lakini imeshika. Wanawake wanaingia humo na kukunja mikono yao bila ya kuonwa na mtu. Juu ya mlango pana nafasi ya kibao, na Usi ameshatoboa matundu ya skrubu. Sitakitia mpaka uniambie. Wewe ndiye mkubwa, na ni sadaka yako. Lakini nadhani mama, ambaye hakumkunjia daktari mkono maisha yake yote, angeridhika jina lake lisimame mlangoni hapo kuwafichia wenzake. Sadaka jaria ni ile isiyosimama, kaka, na pazia halingojei umeme.

Nisalimie wifi Afra na umwambie anisamehe kwa kukuharibia kahawa. Wabusu watoto vichwani. Abrahman anasema kiapo chake kimekwisha na sasa anaweza kukutazama usoni. Mimi naendelea vizuri, wallahi, vidonge nameza na mkono nakunja. Usipande ndege kwa sababu ya hofu. Panda kwa sababu umetamani nyumbani, na chumba chako cha juu nimekifagia. Allah akuhifadhi na akurudishe kwetu na uzima.

Ni mimi, ndugu yako anayekupenda na kukuogopa kidogo tu,

Rawiya (Rau)

Nimesahau. Kile kichwa cha asubuhi si jua, kaka. Wewe nawe ni mtoto wa Bi Sheikha. Ukija, vaa kanzu ya mikono mipana.